UZI: Bendi ya Waingereza iliyoshika namba moja Marekani kabla ya Beatles, na kinanda chake kimepigwa na mtu asiye mwanabendi

Santuri Kuukuu (mwenye uzi):
Wakuu, salaam. Jumamosi nilipita kwa mzee mmoja Ilala anayeuza vikorokoro: redio mbovu, pasi za mkaa, vifuniko visivyo na sufuria. Chini ya pasi nikakuta santuri ndogo ya Decca. Karatasi imechanika, sahani yenyewe nzima. Buku mbili. Jina la wimbo Telstar, wapigaji The Tornados, mwaka 1962.

Tangu juzi naicheza, mke wangu ameshaanza kunihurumia. Hakuna anayeimba humo, ni ala tupu. Inaanza na mngurumo kama mtu anawasha mashine ndani ya pipa, mngurumo unapanda, halafu kinaingia kinanda chembamba, chenye mtetemo, kinalia kama filimbi inayopulizwa na mtu asiyeishiwa pumzi. Chini yake ngoma zinakwenda mbio kama farasi. Ukiambiwa kimerekodiwa miaka ya sitini unakubali, ukiambiwa ni mwaka 2062 unakubali vilevile.

Nimefukua habari zake. Kwa kifupi: Mwingereza wa kwanza kushika namba moja kwenye chati ya Marekani hakuwa Beatles, ni hawa. Wiki tatu, kuanzia Desemba 22, 1962. Beatles walifika pale Februari 1964. Nikipata wasaa nitashusha kisa chote, maana kinaanzia angani na kinaishia kubaya.

Mla Ugali:
Naweka kambi hapa. Ila mkuu, hii inatuhusu nini sisi?

Santuri Kuukuu:
Kaa kambini, utajua.

Solo la Nyikani:
Sahihisho dogo kabla uzi haujakimbia. Mwingereza wa kwanza kukaa namba moja ya Billboard Hot 100 ni Acker Bilk, yule wa klarineti, Mei mwaka huohuo wa 1962. Tornados ni BENDI ya kwanza ya Uingereza. Tusipotoshe watoto.

La pili, ukitaja bendi ya ala tupu ya Uingereza ukaanza na Tornados, umeingia nyumbani kwa watu kwa mlango wa uani. Wenye nyumba ni The Shadows. Hank Marvin solo, Bruce Welch rithim, Jet Harris besi, Tony Meehan drams. Apache, 1960, wiki tano namba moja Uingereza, na aliyepisha ni bosi wao mwenyewe, Cliff Richard. Wonderful Land, 1962, wiki nane. Lile gitaa la Hank, Fender Stratocaster, Cliff aliliagiza Marekani mwaka 1959, wakati Uingereza ilikuwa haina gitaa la namba hiyo madukani. Vijana wa nchi nzima walijifunza solo kwa kumwigiza yule bwana mwenye miwani. Tornados wameacha mwanafunzi gani?

Santuri Kuukuu:
Mkuu Solo, sahihisho la Bilk nimelipokea, nimekosea. Hilo la pili tutagombana polepole.

Sikiliza. Shadows ukizima umeme wote, ukampa Hank gitaa la mbao, bado ni Hank. Kinachouzwa pale ni vidole vya mtu. Tornados kinachouzwa ni CHUMBA. Na chumba chenyewe kilikuwa ghorofani juu ya duka la vitu vya ngozi, 304 Holloway Road, kaskazini mwa London. Nyumba ya kupanga. Mpangaji anaitwa Joe Meek.

Huyu Meek kazaliwa Newent, Gloucestershire, 1929. Jeshini, kwenye kikosi cha anga, alikuwa fundi wa rada. Akaja kuwa fundi mitambo kwenye studio kubwa za London, akagombana na wakubwa wake, akaondoka akafungua ya kwake nyumbani. Gitaa hapigi. Piano hapigi. Noti hasomi. Sasa mtu wa hivyo anatungaje? Anajirekodi akiimba "la la laa", tena juu ya muziki wa wimbo mwingine kabisa, na sauti yenyewe haikai kwenye ufunguo. Halafu anawapa wapigaji tepu: haya, tafuteni nilichomaanisha.

Studio zenyewe za wakati ule zilikuwa kama maabara, mafundi wanavaa makoti meupe na kuna sheria ya maikrofoni ikae mbali kiasi gani na drams. Meek anaisogeza mpaka inagusa ngozi ya ngoma. Waya wa gitaa la besi anauchomeka moja kwa moja kwenye mtambo bila spika. Wapiga fidla anawapanga kwenye ngazi. Bafu analitumia kupata mwangwi. Mwaka 1964, wimbo wa The Honeycombs, aliwaambia watu wapande kwenye ngazi za mbao wapige miguu, ndiyo kile kishindo unachokisikia. Ukashika namba moja Uingereza.

Dogo Prodyuza:
Kwa hiyo huyu ni prodyuza wa chumbani, miaka arobaini kabla ya sisi kuning'iniza magodoro ukutani. Mimi booth yangu ni kabati la nguo, mama akitaka kanga lazima rekodi isimame 😂

Mla Ugali:
Mwenye nyumba alikuwa anamvumilia?

Santuri Kuukuu:
Mama mwenye nyumba anaitwa Violet Shenton, duka la chini lilikuwa lake. Kelele zikizidi anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Meek naye anajibu kwa kuelekeza spika ngazini na kuongeza sauti. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Mkumbuke huyo mama, nitamrudia.

Bendi sasa. Mwaka 1961 Meek alikuwa anatafuta wapigaji wa kudumu wa kusindikiza waimbaji wake. Akawapata Clem Cattini, drams, na Alan Caddy, solo, wote wametoka kwa Johnny Kidd and the Pirates. George Bellamy, rithim. Roger LaVern, kinanda. Besi akapewa Heinz Burt, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Uingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kukata nyama dukani. Meek alimpenda sana Heinz, akamwambia apake nywele rangi nyeupe-manjano, akaamini atamfanya staa. Baada ya muda wakawa ndio wanaomsindikiza mwimbaji Billy Fury kwenye maonyesho yake.

Julai 10, 1962, Wamarekani wanarusha Telstar, setilaiti ya mawasiliano, kutoka Cape Canaveral. Usiku ule ule picha za televisheni zikaanza kuvuka Atlantiki kupitia angani. Meek alikaa mbele ya televisheni yake akakesha. Asubuhi ana wimbo kichwani.

Bendi iko Great Yarmouth, pwani ya mashariki, wana maonyesho na Fury majira yote ya joto. Wakapata upenyo wa siku moja na kidogo, wakakimbilia London, wakasikiliza ile tepu ya "la la laa", wakarekodi, wakarudi mbio Yarmouth. Sauti ya kinanda ikabaki haijawekwa! Meek akamwita rafiki yake mtunzi, Geoff Goddard, akapiga lile kinanda ambalo leo kila mtu akisikia anasema "Tornados". Hata ile sauti ya mwishoni inayoimba bila maneno ni ya Goddard. Agosti 17 santuri iko madukani. Hesabu mwenyewe: siku 38 tangu chombo kirushwe.

Ndiyo maana nikaandika kichwa cha uzi vile.

Solo la Nyikani:
Sasa hapo si umenipa ushindi mwenyewe? Bendi ambayo sauti yake kuu kapiga mgeni, na mtunzi hajui kupiga chochote. Hiyo ni bendi au ni jina lililoandikwa kwenye lebo?

Santuri Kuukuu:
Jaribu kumtoa Clem Cattini kwenye wimbo ule uone kitakachobaki. Zile mbio za chini ni zake. Baadaye akawa mpiga drams wa kukodiwa, na santuri alizopiga zilizoshika namba moja Uingereza zinapita 40. Arobaini, mkuu, na watu wengi hawamjui jina.

FundiValvu:
Nimeitwa na kazi yangu. Miaka thelathini natengeneza redio na amplifaya, ngoja niwaeleze hicho kinanda.

Kinaitwa klaviolini. Kakitengeneza Mfaransa Constant Martin mwaka 1947. Kina valvu, si transista. Ubao wake wa vitufe ni wa oktava tatu tu, unaning'inizwa chini ya vitufe vya piano, na spika yake iko kwenye boksi la pembeni. Kwa ndani kuna saketi moja inayotetemeka kutoa sauti, kwa hiyo kinatoa noti MOJA tu kwa wakati. Bonyeza vitufe viwili uone, hutapata viwili. Mbele kuna swichi ndogondogo za kuchagua uchujwe vipi mlio: ukitaka kama fidla, kama obo, kama tarumbeta. Na kuna wenzo unausukuma kwa goti kuongeza na kupunguza sauti.

Hiyo noti moja ndiyo siri yake. Kinanda chenye noti nyingi kinajaza nafasi kama wali kwenye sinia. Hiki kinabaki uzi mmoja, kinaimba kama koo la mtu. Ukikipitisha kwenye mwangwi wa Meek, na mwenyewe alikuwa anabana sauti mpaka inahema, unapata hicho unachokisikia.

Bint Mkunazini:
Subirini subirini. Nimefungua Telstar kwenye simu sasa hivi nipo jikoni, nikasita na mwiko mkononi. Mlio huu mie naujua! Ni ile been, zumari la mcheza nyoka, kwenye filamu ya Kihindi ya Nagin! Bibi yangu mpaka leo akichambua mchele anauvumisha. Au masikio yangu yana chumvi?

FundiValvu:
Dada Bint, masikio yako yako sawasawa, nakuvulia kofia. Nagin ya mwaka 1954, muziki wake kauandaa Hemant Kumar. Ile been si been. Ni klaviolini, kapiga Kalyanji, yule ambaye baadaye akawa Kalyanji-Anandji na nduguye, na Ravi akapiga harmoniamu pamoja naye. Chombo kile kile alichopiga Goddard miaka minane baadaye.

Mla Ugali:
Eeeh. Sasa nimejua inatuhusu nini.

Bint Mkunazini:
Wallahi nimesisimkwa. Nyie wa bara labda hamjui, lakini kwetu Unguja filamu za Kihindi ndiyo zilikuwa maisha. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, bibi anasimulia wanavyojipamba kutwa nzima kwa ajili ya saa tatu za gizani. Wakitoka wanazo nyimbo kichwani, na wenye taarab nao wanazo, wiki mbili tatu hivi unasikia ile tyuni ina maneno ya Kiswahili harusini. Kwa hiyo Waingereza walipokuwa wanashangaa "sauti ya angani", bibi yangu alikuwa ameshaisikia zamani ikiitwa sauti ya nyoka.

Nitampelekea aisikilize, nitarudi na jibu lake.

Chai ya Kericho:
Salamu kutoka Kenya wakuu. Uzi moto. Mwenye uzi, ulisema inaishia kubaya na umetuacha juani. Malizia.

Santuri Kuukuu:
Namalizia.

Oktoba 4, 1962 wimbo uko namba moja Uingereza, wiki tano. Ukakaa kwenye chati wiki 25. Ukauzwa mamilioni dunia nzima, ukapata tuzo ya Ivor Novello. Wamarekani wanawataka Tornados waende. Larry Parnes, meneja wa Billy Fury aliyekuwa na mkataba nao, akasema hawaendi bila Fury. Wamarekani Fury hawamtaki. Hawakwenda. Bendi ina wimbo namba moja Marekani, yenyewe iko Uingereza inamsindikiza mtu mwingine jukwaani.

Uliofuata, Globetrotter, ukafika namba 5 Uingereza mwanzoni mwa 1963. Robot, 17. The Ice Cream Man, 18. Dragonfly, 41. Mnaona ngazi inavyoshuka. Heinz akatolewa akawa mwimbaji peke yake, akapata wimbo mmoja mkubwa mwaka huohuo, namba 5. Halafu wakaja vijana wa Liverpool wanaoimba na kupiga wenyewe, na ala tupu ikawa kitu cha kaka zao.

Pesa nazo. Machi 1963 mtunzi wa Kifaransa, Jean Ledrut, akafungua kesi: Telstar imeibwa kutoka kwenye muziki wa gwaride aliotunga kwa ajili ya filamu ya Austerlitz ya mwaka 1960. Filamu hiyo Uingereza haikuonyeshwa mpaka 1965. Lakini kesi ni kesi. Mirabaha ya mtunzi ikazuiliwa mpaka mahakama iamue. Miaka ikapita. Meek, mwenye wimbo uliouzwa mamilioni, anadaiwa.

FundiValvu:
Mkuu nisamehe nikukatishe, kuna jambo la fundi hapa. Chombo chenyewe, Telstar ya angani, mnajua kiliishaje? Julai 9, siku MOJA kabla hakijarushwa, Marekani walilipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki. Jaribio hilo liliitwa Starfish Prime. Mionzi ikabaki inazunguka huko juu. Telstar, mpira wa kilo 77 uliojaa transista, ukaenda kupita humo humo. Novemba 1962 ukaanza kukatika, mafundi wakauzindua tena kutoka chini, Februari 1963 ukanyamaza moja kwa moja. Bado unazunguka mpaka leo, maiti.

Hesabu vizuri: wimbo ulipokuwa unapanda kwenda namba moja Marekani, chombo kilichoimbiwa kilikuwa tayari mgonjwa.

Chai ya Kericho:
Aisee.

Santuri Kuukuu:
Hilo la bomu nilikuwa silijui. Asante fundi.

Meek naye aliharibika polepole. Vidonge vya kumwondolea usingizi. Alipenda wanaume, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule hilo lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1963 alikamatwa, akatozwa faini, habari ikatoka gazetini, na tangu hapo aliishi kwa hofu ya watu wa kumtisha wapate pesa. Akaanza kuamini kampuni za santuri zimemfichia maikrofoni ukutani ziibe sauti zake. Goddard naye wakagombana juu ya nani katunga ule wimbo wa Honeycombs, wakafikishana mahakamani, Goddard akashindwa, akaacha muziki akaenda kufanya kazi jikoni chuoni Reading.

Februari 3, 1967, mama Violet Shenton alipanda ghorofani. Wakabishana. Meek akampiga risasi, kisha akajiua. Bunduki ilikuwa ya Heinz, ameiacha pale. Tarehe hiyo ni ile ile aliyokufa Buddy Holly, 1959, mwanamuziki ambaye Meek alimhusudu kupita kiasi.

Kesi ya Mfaransa ikaja kuamuliwa baadaye. Meek ameshinda.

Mla Ugali:
Nilikuja kucheka hapa. Huyo mama na ufagio wake masikini.

Dogo Prodyuza:
Na kazi zake zilikwenda wapi? Sisi hadisiki ikifa ndiyo basi.

Santuri Kuukuu:
Tepu kama 1,850 zilikutwa pale, zikauzwa zote pamoja kwa pauni 300, zikiwa zimepakiwa kwenye makasha ya majani ya chai. Ndiyo maana zinaitwa tepu za makasha ya chai. Zikakaa stoo miongo kadhaa. Mwaka 2020 kampuni ya Cherry Red ikazinunua, sasa zinasafishwa na kutolewa kidogokidogo.

Chai ya Kericho:
Makasha ya chai? Yale ya mbao nyembamba yenye bati pembeni? Huenda moja lilitoka kwetu, natuma ankara ya mirabaha leo leo.

Solo la Nyikani:
Haya, nimesoma yote. Nakiri kimoja: usiku huu nimeisikiliza Telstar kwa hedifoni mara tatu, na pale katikati Alan Caddy anaposhika solo, anapiga vizuri, amenyooka, hana mbwembwe. Hank angetia madoido. Lakini nabaki na swali langu la mwanafunzi.

Santuri Kuukuu:
Mwanafunzi yupo. George Bellamy, yule wa rithim, ni baba yake Matt Bellamy wa Muse, bendi ya roki ya Uingereza. Sikiliza wimbo wao Knights of Cydonia, farasi wale wale wa Clem wanakwenda mbio humo. Na kama unataka shabiki mkubwa, Margaret Thatcher aliwahi kuitaja Telstar kuwa ni santuri anayoipenda. Hilo sijui kama linanisaidia au linaniangusha.

Solo la Nyikani:
Limekuangusha. Ila wa Muse nakupa.

FundiValvu:
Kabla uzi haujalala: Goddard, Heinz na Caddy wote watatu wamefariki mwaka mmoja, 2000. Nani ana klaviolini mbovu hapa Bongo? Natafuta kwa bei nzuri, hata maganda.

Bint Mkunazini:
Nimerudi, Bint wenu. Nimempelekea bibi baada ya Isha. Nikamwekea simu karibu na sikio, sikumwambia ni nini. Kaanza kwa kukunja uso, ule mngurumo wa mwanzo kadhani simu inaharibika. Kinanda kilipoingia akaniacha mkono, akafumba macho. Kasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, bibi, been hiyo?

Kasema: "Been ndiyo yenyewe. Lakini nyoka wenu huyu hachezi, anakimbilia basi."

Santuri Kuukuu:
Mwambie shikamoo yake. Na mwambie Jumamosi narudi kwa yule mzee Ilala kutafuta Nagin.